Ringu ya Japani na The Ring Virus ya Korea: uanze na ipi?

Jibu kwa mwenye haraka: kama una usiku mmoja tu na unachotaka ni kuogopa, tazama Ringu, filamu ya Kijapani ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Hideo Nakata. Kama umeshaiona, au umeona ile ya Kimarekani ya 2002 aliyoigiza Naomi Watts, na moyoni limebaki swali la yule binti wa kisimani alikuwa nani kabla hajawa mzimu, basi tafuta The Ring Virus, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Kim Dong-bin. Wengi huipita wakidhani ni nakala hafifu. Naona hawaitendei haki, na nitaeleza kwa nini, ingawa sifichi kwamba katika ufundi wa kutisha Nakata yuko mbele kwa mbali.

Kisa ni kilekile. Vijana wanne wanakufa wakati uleule, kila mmoja mahali pake, bila jeraha, nyuso zimekakamaa kwa hofu. Wiki moja kabla walikuwa wamelala pamoja kwenye nyumba ya mapumziko nje ya mji. Mwandishi wa habari, shangazi wa mmoja wa marehemu, anafuata nyayo zao mpaka kwenye nyumba hiyo, anakuta kanda ya video, anaitia kwenye deki na kuitazama. Kuanzia hapo naye ana siku saba. Anamshirikisha mwanamume mmoja mwenye akili nyingi na maneno machache, na wawili hao wanaanza kutafuta kanda ilitoka wapi, nani aliitengeneza na afanye nini asife.

Nitazungumzia mwisho wa filamu zote mbili pia, lakini nimeutenga kwenye sehemu yake yenye onyo. Kabla ya hapo unaweza kusoma bila wasiwasi mkubwa.

Zimetoka wapi

Husemwa kwamba The Ring Virus ni Ringu iliyorudiwa kwa Kikorea. Huo ni ukweli nusu. Filamu zote mbili chimbuko lake ni riwaya ya Koji Suzuki iliyotoka Japani mwaka 1991. Katika riwaya, mwandishi wa habari ni mwanamume anayeitwa Asakawa, ana mke na binti mdogo. Nakata na mwandishi wake wa skripti, Hiroshi Takahashi, walimgeuza akawa mwanamke, Reiko Asakawa, aliyeachana na mumewe na anamlea peke yake mtoto wa kiume, Yoichi. Ryuji, ambaye kitabuni ni rafiki tu, wakamfanya ndiye mume wa zamani.

Waliotengeneza filamu ya Kikorea walisema wamerudi kwenye riwaya, na kweli wamerudisha mengi ambayo Nakata aliyaacha. Mtoto amekuwa wa kike tena. Mwenza wa uchunguzi si mume wa zamani. Maisha ya yule binti wa kisimani yanasimuliwa kwa urefu. Hata hivyo mwandishi wa habari wa Kim, Sun-ju, ni mwanamke kama Reiko, na baadhi ya matukio yamechukuliwa kwa Nakata karibu yalivyo, hasa lile la runinga ambalo hata asiyetazama filamu za kutisha amewahi kulisikia. Kwa hiyo ukizilinganisha, palipoigwa utapaona upesi mno. Panapofaa kuangaliwa kwa makini ni pale ambapo Mkorea alikataa kumfuata Mjapani.

Kuna jambo la historia linalosaidia kuelewa kwa nini filamu hii ilitengenezwa mapema hivyo, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, filamu na muziki kutoka Japani havikuruhusiwa kuonyeshwa hadharani Korea Kusini. Serikali ya Rais Kim Dae-jung ilianza kufungua mlango Oktoba 1998, tena kwa awamu. Awamu ya kwanza iliruhusu filamu zilizoshinda tuzo kwenye matamasha makubwa ya dunia, na filamu zilizotengenezwa kwa ubia wa nchi hizo mbili. Ndiyo maana za kwanza kuingia kwenye kumbi, Desemba 1998, zilikuwa Hana-bi ya Takeshi Kitano na Kagemusha ya Akira Kurosawa. Ringu, filamu ya kutisha ya kuvuta umati, haikuwa na tuzo ya aina hiyo. The Ring Virus ilikuwa kazi ya ubia, ikatoka Juni 1999. Watazamaji wengi wa Korea waliingia ukumbini kukutana na kisa hiki kwa lugha yao na kwa sura za watu wao kabla ile ya Kijapani haijafunguliwa mlango. Ukilijua hilo huwezi tena kuiita uvivu wa kuiga.

Namna Nakata anavyotisha

Ringu ina dakika zipatazo 95 na damu huioni karibu kabisa. Inaanza na mawimbi ya bahari usiku ambayo taratibu yanageuka kuwa chenga za runinga. Wasichana wawili wako nyumbani, wazazi wametoka, wanapiga soga. Mmoja anasimulia uvumi wa kanda inayoua. Mwenzake, Tomoko, ananyamaza, kisha anasema ameitazama, wiki moja iliyopita. Simu inalia. Wote wawili wanaganda. Anayepiga ni mama yake Tomoko, wanacheka, unashusha pumzi. Halafu Tomoko anabaki peke yake jikoni, na runinga ya sebuleni inajiwasha yenyewe. Mpaka hapo hujaonyeshwa chochote. Hakuna kiumbe, hakuna kisu, hakuna mlango uliobamizwa. Kuna nyumba ya kawaida, taa zinawaka, na msichana anayegeuza shingo.

Hivyo ndivyo anavyofanya filamu nzima. Vyumba vya Nakata ni vya watu wa kawaida, mambo mengi hutokea mchana, na kamera hukaa mbali kidogo kiasi kwamba nyuma ya mhusika hubaki nafasi tupu. Jicho lako linaanza kuikagua nafasi hiyo lenyewe. Muziki wa Kenji Kawai, mtunzi yuleyule wa Ghost in the Shell ya 1995, mara nyingi si muziki bali ni sauti: mkwaruzo wa chuma, mvumo, mlio wa simu uliokolezwa kupita kiasi cha simu ya nyumbani. Ukitazama kwa spika ya simu ya mkononi utakuwa umeipoteza nusu ya filamu. Vaa visikizi.

Kanda yenyewe ndani ya Ringu ni fupi na haina maelezo. Mwanamke anachana nywele mbele ya kioo, kisha kioo kinahama upande wa pili. Maandishi ya gazeti yanatambaa kama wadudu. Watu wanatambaa. Mtu aliyefunikwa kitambaa kichwani ananyoosha kidole baharini. Jicho. Kisima. Picha hizi zimechakaa, zina mistari na chenga, kama zile kanda zilizorudufiwa kutoka kwenye nakala ya nakala ambazo wengi wetu wa Afrika Mashariki tulizizoea kwenye mabanda ya video. Kwa aliyekulia na deki, uchakavu huo una uzito wa pekee: kanda mbovu ni kanda iliyopitia mikono mingi.

Kuna pia mwili wa mwigizaji. Rie Ino, aliyeigiza mzimu wa Sadako, yule binti wa kisimani, alitembea kinyumenyume kwa hatua za kukatikakatika, kisha picha ikageuzwa ili aonekane anakuja mbele. Ndiyo maana mwendo ule unakera mwilini hata kabla akili haijajua kwa nini. Mabega yanatangulia pasipostahili, miguu inatua kwa namna ambayo miguu ya mtu haitui. Umri wote wa filamu hii haujaupunguza nguvu.

The Ring Virus haina subira hiyo. Ni ndefu zaidi, ina mazungumzo mengi zaidi, na mara nyingi inakuonyesha cha kuogopa kabla hujakitafuta. Nimeitazama na watu wasiojua kisa kabisa na hofu yao ilikuja kwa mafungu, ikapoa wakati wahusika wanapoketi kuelezana walichokigundua. Jambo moja la kanda ya Kikorea nalipenda sana: inamwambia mtazamaji kwa maneno kwamba atakufa baada ya wiki, na pale inapotaka kumweleza afanye nini ili apone, sehemu hiyo imefutwa. Hilo limetoka kwenye riwaya. Linaigeuza filamu nzima kuwa msako wa sentensi moja iliyopotea, na kwa mpenzi wa hadithi za upelelezi msako huo una ladha kuliko uvumi wa Nakata. Kwa mpenzi wa hofu, uvumi unatosha na unazidi.

Sadako na Eun-suh

Hapa ndipo filamu hizi zinapoachana kabisa, na hapa ndipo uamuzi wako unapaswa kufanyika.

Nakata anatupeleka kisiwa cha Oshima, chini ya mlima wa volkano wa Mihara. Mwanamke wa huko, Shizuko Yamamura, alitabiri mlipuko. Profesa mmoja, Ikuma, akamchukua akamweka mbele ya waandishi wa habari aonyeshe uwezo wake wa kuona yaliyofichika. Wakamzomea, wakamwita tapeli, na mwandishi mmoja akaanguka akafa papo hapo. Aliyemuua hakuwa Shizuko bali bintiye mdogo, Sadako, aliyesimama pembeni. Kisa hiki kina mizizi ya kweli. Mwaka 1910 Tomokichi Fukurai, msomi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alimfanyia majaribio ya hadharani mwanamke aliyeitwa Chizuko Mifune, aliyesemwa kuwa na uwezo wa kuona vilivyofungwa. Watu walimtilia shaka, magazeti yakamwandama, na mwanzoni mwa 1911 akanywa sumu akafa. Kisima nacho si cha kubuni tu: Wajapani wana hadithi ya zamani ya Okiku, mtumishi aliyeuawa na kutupwa kisimani, na kwenye ngome ya Himeji hadi leo kuna kisima kinachoitwa kwa jina lake.

Lakini Nakata anayapitisha haya yote kwa haraka, kama ndoto za rangi mbili ambazo Reiko na Ryuji wanaziona kwa sekunde chache. Sadako hasemi hata neno. Akiwa mtoto unaona nywele tu. Akiwa mzimu unaona nywele tu, na mwishoni kabisa jicho moja. Filamu inadokeza kwamba huenda baba yake hakuwa hata binadamu, kisha inaliacha wazo hilo lielee. Hujui alipenda nini, alicheka na nani, alilia kwa ajili gani. Kumjua kungepunguza hofu, na Nakata analijua hilo vizuri.

Kim Dong-bin anampa sura. Binti wake anaitwa Park Eun-suh na ameigizwa na Bae Doona, ambaye hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Wengi watamkumbuka kwenye The Host ya 2006, na wapenzi wa Sense8 wanamkumbuka akiwa Sun wa Seoul aliyemsaidia kupigana Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi. Hapa bado ni kijana sana, na tayari ana ule utulivu wa uso unaofanya usijue kama ana huzuni au anakudharau. Eun-suh ni mtoto wa mwanamke mwenye maono, naye amerithi uwezo huo. Anakua akiwa amebeba siri ya mwili wake: amezaliwa akiwa huntha, mwenye viungo vya jinsia mbili. Anabakwa, anauawa, anatupwa kisimani. Haya nayo yametoka kwa Suzuki. Nakata alibakiza mauaji na kisima, ya huntha na ya kubakwa akayaacha.

Nina la kulaumu hapa. Filamu inaichukulia siri ya mwili wa Eun-suh kama kifuniko cha chungu kinachofunuliwa ili mtazamaji ashtuke. Huntha ni watu, ni jirani na ndugu. Kenya ilipowahesabu kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 2019, walirekodiwa 1,524. Mtazamaji wa leo akiona mwili wa namna hiyo unawekwa kwenye fungu moja na mambo ya kuogofya ana haki ya kukereka, nami nakereka kila mara. Kinachoiokoa filamu ni kwamba haimtazami Eun-suh kwa jicho la yule aliyemtendea ukatili. Inamtazama kwa jicho la Sun-ju, mwanamke mwandishi ambaye kadiri anavyochimba ndivyo hofu yake inavyogeuka kuwa uchungu. Kuna mahali nilisahau kabisa kwamba ninatazama filamu ya mzimu. Nilikuwa ninatazama mtu akidhulumiwa.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo inafaa kujua mizimu ya Korea huwa inataka nini. Mji wa Miryang una hadithi ya Arang, binti wa mtawala, aliyeuawa alipokataa kubakwa na mwili wake ukafichwa. Kila mtawala mpya aliyefika Miryang alikufa usiku wa kwanza kwa fadhaa, kwa sababu Arang alimtokea. Hatimaye akaja mmoja jasiri ambaye hakukimbia. Alimsikiliza, akamtafuta muuaji, akamhukumu, na Arang hakutokea tena. Hadithi ya dada wawili, Janghwa na Hongryeon, ina mwendo uleule: wamekufa kwa hila za mama wa kambo, wanamwendea hakimu usiku, mahakimu wanakufa kwa hofu, mpaka anapopatikana wa kusikiliza. Mzimu wa aina hii ni mlalamikaji. Ameleta kesi. Wanaokufa ni wale walioshindwa kumsikiliza mpaka mwisho.

Filamu ya Kim inampa Eun-suh usikilizwaji huo. Ule urefu unaolalamikiwa, yale mazungumzo, zile safari za kwenda kuuliza wazee, zote ni kesi inayosikilizwa. Ukiingia ukitafuta mapigo ya moyo kwenda mbio utachoka. Ukiingia kama mtu anayekaa kusikiliza ushahidi, muda haukusumbui.

Wanaochunguza

Reiko wa Nanako Matsushima na Ryuji wa Hiroyuki Sanada walikuwa mume na mke, na Nakata hahitaji kueleza kilichowatenganisha. Kuna mahali Ryuji anakutana na mwanawe njiani kwenye mvua, wote wawili na miavuli, wanatazamana, wanapitana. Basi. Familia nzima iko ndani ya tukio hilo moja. Kwa hiyo laana inapomfikia mtoto, inayounganishwa tena kwa lazima ni nyumba iliyovunjika, na kila saa inayopita ina uchungu wa ziada. Sanada, ambaye wengi wamemjua juzi kupitia Shogun iliyompa tuzo ya Emmy mwaka 2024, hapa ana miaka thelathini na kitu na anaigiza kwa kunyamaza kuliko kusema.

Kwa Kim, Shin Eun-kyung (Sun-ju) na Jung Jin-young (Choi Yeol) hawana uzi huo wa kuwaunganisha. Sun-ju ni mwandishi wa habari mwenye mtoto, Choi Yeol ni daktari baridi, mjuaji, anayekichukulia kifo kama swali la kuvutia. Uhusiano wao ni wa kikazi na wenye msuguano. Jung anampa daktari huyu kiburi chenye mvuto, na miaka sita baadaye angekuja kuwa mfalme wa kutisha kuliko mzimu wowote kwenye The King and the Clown. Ila ukweli ni kwamba Choi Yeol anapokuwa hatarini, huumii kama unavyoumia kwa Ryuji. Kwenye jambo hili Nakata ameshinda bila ubishi.

Mwisho wa filamu (ruka kama hujaona yoyote)

Kwenye filamu zote mbili wawili hao wanalifikia kisima, wanayachota maji, na mwanamke anashuka ndani. Reiko anaupata mwili wa Sadako, anaukumbatia, nywele zinadondoka kwenye fuvu. Saa yake inapita na hafi. Kila mtazamaji aliyelelewa kwenye hadithi za mizimu anajua kilichotokea: marehemu amepatikana, atazikwa, ameridhika. Kesho yake, mchana kweupe, runinga ya Ryuji inajiwasha. Kisima kinaonekana. Sadako anatoka kisimani, anaikaribia kamera, anapita kwenye kioo, anaingia chumbani.

Reiko anatambua mambo yalivyo akiwa amechelewa kwa mmoja na bado hajachelewa kwa mwingine. Hakupona kwa sababu ya huruma yake. Alipona kwa sababu alirudufu kanda na kumwonyesha Ryuji. Anaichukua deki, anampigia baba yake simu, anaanza kuendesha gari, na wewe unajua anakwenda kumwonyesha nani ili mwanawe aishi. Ni kama zile jumbe za simu za “watumie watu kumi la sivyo utapatwa na baya”, ila hapa baya lipo kweli na mtumaji anamtumia mzazi wake. Sijaona filamu nyingine ya kutisha iliyoufunga mlango wake kwa uamuzi mzito namna hiyo, tena kwa sauti ya chini hivyo.

Kim anafuata njia hiyo hiyo, mpaka kwenye runinga, na kwa jicho tu tukio lake ni dogo kuliko la Nakata. Lakini fikiria limefuata baada ya nini. Umekaa zaidi ya saa moja ukiisikiliza kesi ya Eun-suh. Umeuona uso wake. Umejua aliyotendewa. Kwa desturi yote ya Arang na ya wale dada wawili, hapo ndipo alipopaswa kuondoka kwa amani. Haondoki. Kusikilizwa hakukumtosha, au kulikuja kwa kuchelewa mno, au aliyebaki ndani ya kanda si yeye tena bali ni kitu kinachotaka tu kuzaliana. Jina la kimataifa la filamu limelitaja jambo hilo waziwazi: kirusi. Kwenye riwaya ya Suzuki kirusi hicho kina uhusiano na ndui, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa umetokomezwa, baada ya mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida kupatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Kitabuni, hasira ya mtu aliyeuawa na haja ya kirusi ya kutopotea duniani vimekutana kisimani. Nakata alibakiza laana, Kim akairudisha habari ya ugonjwa.

Hapo, kwa maoni yangu, filamu dhaifu inapata nguvu ambayo ile bora haina. Sadako anaporudi unaogopa. Eun-suh anaporudi kuna kitu kinavunjika ndani yako, kwa kuwa ulidhani mmeelewana.

Kuchagua

Kama hujaona hata moja, anza na Ringu. Ukianza na ya Kikorea utakuwa umeshapewa majibu ambayo Nakata alikusudia usiwe nayo, na tukio la runinga litakuwa limeshachukuliwa mshtuko wake. Usitazame zote mbili usiku mmoja. Uchunguzi ule ule mara mbili mfululizo utakuchosha, na atakayeumia ni Kim.

Kama umeona ya Kimarekani tu, hali yako ni tofauti kidogo. Mwongozaji wake, Gore Verbinski, alimfuata Nakata kwa karibu katika mpangilio wa kisa, kwa hiyo fumbo unalijua. Ringu bado itakufaa kwa ajili ya ukimya wake, maana ya Marekani ina kelele na picha nyingi zaidi. The Ring Virus ndiyo itakayokupa mambo ambayo hujayaona kokote kati ya hizo mbili.

Kama umesoma riwaya, au unapenda hadithi ambazo kila uzi unafuatwa hadi mwisho, anza na Kim bila kusita. Kama unafuatilia sinema ya Korea na unataka kuona ilipokuwa kabla haijaanza kushinda tuzo za dunia, hii ni miongoni mwa filamu za kutazama pamoja na Whispering Corridors ya 1998. Utaona pia waigizaji ambao baadaye wangekuwa majina makubwa, kama Bae Doona.

Kwa upande wa ubora wa picha, Ringu ilisafishwa upya kwa kiwango cha 4K mwaka 2019, na nakala hiyo ni nzuri sana, giza lake ni giza kweli. The Ring Virus ni ngumu kuipata ikiwa katika hali nzuri. Manukuu ya Kiswahili sijayakuta kwa filamu yoyote kati ya hizi, ya Kiingereza yapo kwa zote.

Kuhusu watoto: Ringu haina matusi wala uchi, lakini mtoto wa miaka kumi ataikumbuka kwa miezi na atakataa kulala chumba chenye runinga. The Ring Virus ina ukatili wa kingono, na hata mtu mzima aliyepitia hayo maishani anastahili kuambiwa kabla hajaketi. Mwambie mapema unayemwalika, ili aamue mwenyewe kama atakaa.